Sungura anayekula matandiko ya choo chake: kisa cha nyumba moja ya kupanga Kampala

Kuhusu kisa chenyewe

Majina nimeyatoa, mtaa nimeutoa, na vitu viwili vitatu ambavyo vingemfanya jirani aseme huyu namjua nimevibadilisha. Mwenye sungura amekubali niandike. Naandika sababu hapa Kampala wapo watu wengi wanaofuga sungura mmoja ndani ya nyumba, wa kucheza na watoto sio wa kuchinja, na karibu kila anayenipigia simu anauliza kitu kilekile: nifanye nini asile yale matandiko ya chooni? Mimi siku hizi kabla sijajibu namuuliza, je huyo sungura kutwa nzima anatafuna nini kingine? Kisa hiki kinaonyesha kwa nini naanza hapo.

Nyumba na mnyama

Sungura jike, umri kama mwaka mmoja, kilo mbili na kitu, damu ya kienyeji iliyochanganyika. Nyumba ni ya kupanga, vyumba viwili, ua wa saruji ambao wapangaji wote wanaanikia nguo, hakuna hata hatua moja ya bustani. Mama wa nyumba anauza vitambaa sokoni, anatoka alfajiri anarudi giza limeingia. Anayeshinda na sungura ni mama yake, ambaye nyumba nzima wanamwita Jajja, yaani bibi, na watoto wawili wakitoka shule.

Huyu sungura alijichagulia kona mwenyewe ya kujisaidia, kama sungura wengi wanavyofanya, basi wakamwekea beseni la plastiki pale na ndani wakajaza makapi ya kahawa. Kwa asiyeishi huku, makapi ya kahawa ndo matandiko ya kuku ya kawaida kabisa Buganda, ni mepesi, yananyonya unyevu, yanauzwa kwa magunia, na jirani yao anayefuga kuku wa nyama alikuwa anawapa bure. Kwa hio uamuzi ulikuwa na akili kabisa, ni kitu kipo, kinafanya kazi kwa kuku, hakina gharama.

Sasa chakula. Asubuhi majani ya kabeji kutoka sokoni, karoti, mchana maganda ya ndizi au kipande cha chapati kwa mkono wa mtoto, jioni bakuli zima la peleti za sungura, vile vipande vidogo vya chakula kilichoshindiliwa, kutoka duka la vyakula vya mifugo. Majani mabichi alikuwa anapata mara moja moja, watoto wakipita mahali penye nyasi. Nyasi kavu hakuwahi kupewa hata siku moja, hakuna aliyewaambia. Maji yalikuwa kwenye kikopo chepesi ambacho mara nyingi mchana unakikuta kimepinduka.

Mambo yalivyokwenda

Ilikuwa msimu wa mvua wa mwisho wa mwaka. Jajja ndo aliona kwanza kwamba makapi kwenye beseni yanapungua bila mtu kuyatoa. Alafu mtoto wa kiume akamkuta sungura amekaa ndani ya beseni anatafuna, na ndo neno aliloniambia baadaye kwenye simu ya mama yake: "Anko, anakula choo chake."

Wakaanza kumfukuza, wakimwona anapiga mdomo wanapiga makofi. Hiyo ilizaa kitu kimoja tu, sungura akawa anasubiri watu walale. Wakabadilisha matandiko, wakaweka magazeti yaliyochanwachanwa, akala magazeti. Mama akaleta maranda kutoka kwa fundi samani, akala kidogo kuliko makapi lakini akaanza kupiga chafya, maana mfuko wenyewe nusu ulikuwa maranda na nusu vumbi la mbao. Kuna mtu sokoni akamshauri mama anyunyize pilipili ya unga juu ya matandiko. Wakanyunyiza. Macho ya sungura yakaanza kutoa machozi, akawa anajisugua uso kwa miguu ya mbele, na usiku huohuo akahamia kukojoa kwenye zulia la sebuleni.

Wakaona basi, tuache beseni tupu. Kwenye beseni tupu mkojo unasimama, miguu inalowa, sungura akaingia mara moja akatoka akaendelea na zulia. Hatua ya mwisho ikawa waya ya kuku, wakaikata wakaitandaza juu ya makapi ili mdomo usifike. Kweli mdomo haukufika, ila baada ya siku chache nyayo za nyuma zilikuwa nyekundu na manyoya yamepungua pale chini. Sungura hana ngozi ngumu ya kukanyagia kama mbwa, ana manyoya tu, na waya nyembamba inabeba uzito wake wote kwenye mistari michache.

Alafu ikaja asubuhi ambayo ndo iliyonifanya niingie kwenye hii habari. Jajja alikuta vinyesi vichache sana, vidogo, vingine vimeunganishwa na unywele kama shanga, kabeji ya jana ipo palepale, sungura amejikunyata kwenye pembe hataki kuguswa tumbo. Jirani mwingine kwa moyo mzuri akaleta vidonge vya amoksilini vilivyobaki kwa mtoto wake, akasema mfungulie kimoja kwenye maji. Jajja akakataa mpaka aulize. Huyu mama sijui nimshukuru vipi, sababu amoksilini ya kumeza inaweza kuua sungura, inaangamiza vijidudu wazuri wa utumbo ambao ndo wanaomsagia chakula, wabaya wanachukua nafasi na mnyama anaondoka ndani ya siku chache. Dawa hio kwa binadamu ni ya kila siku na unaipata karibu kila kona, ndo maana naitaja hapa kwa sauti.

Uamuzi wa kwanza: daktari kabla ya beseni

Nilipofika sikugusa beseni. Sungura aliyeacha kula na kuacha kunya, hio ni dharura ya siku hiyohiyo, hutakiwi kusubiri kesho. Sungura hawezi kutapika, kilichoingia lazima kipite chote njia moja, na utumbo wake ukisimama gesi inajaa, maumivu yanamfanya asile, kutokula kunausimamisha utumbo zaidi. Tukampakia kwenye boksi lenye matundu, boda mpaka kwa daktari wa mifugo anayejua wanyama wadogo.

Daktari alimpapasa tumbo taratibu, akasikiliza kwa kifaa pande zote mbili, akaangalia meno ya mbele, kisha akaingiza kile kifaa cha kuangalilia masikio ndani ya mdomo ili aone magego. Hii ya magego watu wengi hawaijui. Meno ya sungura yote yanaota maisha yake yote, ya mbele peke yake yanaongezeka kama milimita 2 hadi 3 kwa wiki, na asipopata kitu cha kusagia, magego yanatoa ncha kali zinazokata ulimi au shavu. Huyu alikuwa na ncha ndogo upande mmoja, bado haijakata. Tumbo lilikuwa na gesi ila hakuna kitu kigumu kilichokwama, na hapo wote tulipumua, maana makapi na waya na pilipili vyote vilikuwa vimepita kichwani mwangu njiani.

Akapewa maji chini ya ngozi, dawa ya maumivu, dawa ya kuamsha utumbo. Na baada ya kuhakikisha hakuna kilichoziba, daktari akaruhusu alishwe nyumbani peleti zilizolowekwa zikapondwa, kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kidogokidogo pembeni mwa mdomo. Dokta akasisitiza huo mpangilio, kwanza hakikisha hakuna kuziba ndo ulishe. Vinyesi vilianza kutoka tena usiku, vidogo lakini vipo.

Uamuzi wa pili: kumtazama kabla ya kumzuia

Alipopata nguvu nikaomba tumtazame jioni bila kumsumbua, taa imezimwa, simu ya mtoto inamulika ukutani. Tulimrudishia makapi kidogo tu, safi na makavu, ili tuone.

Kumbe familia ilikuwa inaona vitu viwili tofauti na kuviita jina moja. Cha kwanza: sungura anakaa kimya, ghafla anainamisha kichwa kati ya miguu ya nyuma, anakaa hivyo muda mfupi, anainuka amefumba mdomo na anameza bila kutafuna. Hicho sio choo anachokula. Sungura ana aina mbili za kinyesi, kile kikavu cha duara tunachokifagia, na kingine laini, chenye utando, kinachotengenezwa kwenye mfuko mkubwa wa utumbo ambako chakula kinachachushwa, na hicho anakichukua mwenyewe moja kwa moja kinapotoka. Kina protini na vitamini za kundi B. Ukimzuia unamnyima sehemu muhimu ya chakula chake, kwa hio mtoto aliambiwa hapo hapo, hii muache, ni kazi yake.

Cha pili ndo tatizo lenyewe. Anaingia kwenye beseni, ananusa, anachagua ganda la kahawa, taya linaenda pembeni pembeni harakaharaka, unasikia mlio mkavu, anameza, anachagua jingine. Sio kwamba alikuwa anaonja. Alikuwa anakula mlo. Niliangalia pia kama anabeba mdomoni bila kumeza, sababu jike anaweza kuokota nyasi na makapi akijenga kiota, hio ni habari nyingine na tiba yake ni nyingine. Huyu alikuwa anameza.

Hapo picha ikakamilika kwangu. Mnyama ambaye sehemu kubwa ya chakula chake inatakiwa iwe nyasi ndefu zenye nyuzinyuzi, anapewa kabeji laini na peleti anazozimaliza ndani ya dakika chache, na masaa yote yanayobaki kitu pekee kikavu chenye nyuzi kilichopo ndani ya nyumba ni kile kilicho chooni. Ungekula wewe pia. Na makapi ya kahawa sio chakula salama, yana kafeini na tanini, na msimu wa mvua yakikaa kwenye gunia barazani yanaota ukungu. Yale ya jirani nilipochovya mkono katikati ya gunia yalikuwa na joto na harufu ya chumba kilichofungwa muda mrefu.

Tulichobadilisha

Nyasi kwanza. Mama aliuliza nitazitoa wapi mimi, nakaa mjini, na swali lake ni la haki. Tukaongea na kijana anayekatia majani wafugaji wa ng'ombe wa ndani, wale wanaopita na baiskeli zimefunikwa na majani ya tembo mpaka dereva haonekani. Tukamwomba yale machanga, maana yaliyokomaa yana kingo zinazokata, na achanganye na nyasi za kawaida za shambani pamoja na ssere, yaani kishona nguo. Masharti yalikuwa: yasitoke kando ya barabara kubwa, yasitoke kwenye mtaro, yasitoke kwenye shamba lililopigwa dawa. Sehemu analishwa mabichi, sehemu Jajja anaanika juu ya turubai uani, anageuza mpaka yakauke kabisa, yanaingia kwenye gunia linaloning'inia, sio la kukaa sakafuni. Kipimo nilichowapa ni kwamba kila siku awe na rundo la nyasi kubwa kama mwili wake, na lisiishe kabla ya asubuhi.

Hatukumwingiza ghafla. Majani mapya tuliongeza taratibu kwa kama wiki mbili, na peleti zikashuka polepole mpaka vijiko viwili vya chakula kwa siku, kwa mnyama wa kilo mbili hio inatosha kabisa. Chapati ikafutwa. Karoti na ndizi zikawa kipande kidogo cha kumshukuru akirudi kizimbani. Kikopo cha maji kikabadilishwa na bakuli zito la udongo.

Alafu beseni. Chini karatasi za gazeti za kawaida, zile za kung'aa hapana. Juu yake migomba mikavu, yaani yale majani makavu ya mgomba ambayo huku yapo kila mahali, na juu kabisa nyasi kavu. Upande mmoja wa beseni tukafunga kikapu cha nyasi safi kwenye nondo za kizimba, kwa urefu ambao akikaa chooni mdomo unafika. Watu wengi wanashtuka kusikia chakula kiwekwe chooni. Lakini sungura anapenda kula na kunya kwa wakati mmoja, ukimpa nyasi pale anakaa kwenye beseni muda mrefu, anakojoa panapotakiwa, na mdomo wake una kazi. Na kama atashuka akatafuna kilicho chini, basi kilicho chini ni kitu ambacho tumbo lake linakiweza.

Waya ilitupwa siku ya kwanza. Zulia lilioshwa na siki nyeupe, sababu harufu ya mkojo ikibaki anaona bado ni choo.

Matokeo

Ndani ya wiki ya pili hivi vinyesi vilikuwa vikubwa, vya rangi ya majani makavu, vinavunjika ukivibonyeza unaona nyuzi ndani. Hicho ndo kipimo nilichomfundisha Jajja, kuliko kuhesabu amekula nini. Nyayo zilipona zenyewe. Uzito ulirudi. Daktari alipoangalia tena ile ncha ya gego ilikuwa imepungua na hakuona haja ya kuikata.

Migomba mikavu ya beseni anaitafuna bado, na hatumzuii. Gazeti analichana mara moja moja anapochoka kukaa peke yake, halimezi sana.

Gharama ipo, nisiifiche. Migomba na nyasi hazinyonyi mkojo kama makapi, kwa hio beseni linamwagwa kila siku, ukipitisha siku mbili nyumba ya vyumba viwili inakwambia yenyewe. Kazi hio iko kwa Jajja na nilipenda watoto waichukue, wameichukua nusu. Gunia moja la nyasi liliota ukungu sababu lilifungwa kabla halijakauka, likaenda lote kwenye takataka.

Uchambuzi: kipi kilisaidia

Mwanzoni sikuweza kusema ni kipi. Tulibadilisha nyasi, peleti, maji na matandiko karibu kwa pamoja, tukifanya haraka sababu mnyama alikuwa mgonjwa, na ukibadilisha vitu vinne kwa mkupuo huwezi kujua kipi kilifanya kazi.

Jibu lilikuja Januari, bila sisi kulipanga. Kiangazi kilikaza, yule kijana wa majani akawa haonekani siku kadhaa mfululizo, akiba ya nyasi kavu ikaisha, na familia ikaziba pengo kwa kabeji na kuongeza peleti. Maji yalikuwa yaleyale, bakuli lilelile, beseni lilelile. Sungura alirudi kutafuna beseni, safari hii mpaka gazeti la chini na ukingo wa plastiki wenyewe. Nyasi ziliporudi akaacha. Kwa hio kwa huyu sungura mimi nasema bila kusita kwamba chanzo kilikuwa njaa ya nyuzinyuzi na mdomo usio na kazi, matandiko yalikuwa tu ndo kitu cha karibu.

Ndo maana kila walichojaribu mwanzo kilishindwa kwa namna yake. Kubadilisha matandiko kulimpa aina mpya ya kitu cha kula. Makofi yalimfundisha kula usiku. Pilipili ilimuumiza macho na pua ikaharibu choo kizima, na kumfundisha sungura upya kutumia beseni analoliogopa ni kazi ndefu kuliko kumtafutia nyasi. Waya ndo ilifanikiwa kumzuia kweli, na nadhani ndo iliyokuwa mbaya kuliko zote, maana ilimwondolea hata ile nyuzi mbovu ya makapi bila kumpa nyingine. Siwezi kuthibitisha kwamba waya ndo ilisimamisha utumbo, ila zilifuatana.

Makapi yalikuwa kosa dogo ndani ya kosa kubwa. Hata sungura anayekula nyasi vizuri nisingemwekea makapi ya kahawa. Na wenye uwezo wanaonunua ule mchanga wa paka dukani, ule unaoganda ukilowa, kwa sungura uacheni kabisa, umetengenezwa uvimbe na kushikana, na ukifanya hivyo ndani ya utumbo hautoki. Maranda ya fundi shida yake ni vumbi, mafuta ya mbao kama msonobari, na kwamba hujui mbao ilipakwa dawa gani ya mchwa.

Kilichofanikiwa sana na ambacho kingeweza kupuuzwa ni ule muda wa kumtazama gizani. Bila huo tungeendelea kupigana na kinyesi laini, kitu ambacho hakikuwa ugonjwa.

Mwezi Machi familia ilinipigia tena wana hofu, sungura anazoa nyasi za beseni mdomo umejaa, anazipeleka kwenye pembe, anajinyofoa manyoya ya kifua. Nikauliza, anameza? Jajja akajibu palepale, hapana, anabeba tu. Ilikuwa mimba ya uongo, inachukua kama siku 16 hadi 18 na inaisha yenyewe, tukamwachia nyasi zake na hatukumvunjia kiota. Imefungua mazungumzo ya kumfunga kizazi, yaani kumtoa mji wa mimba kwa upasuaji, sababu jike asiyefungwa hatari ya saratani ya mji wa mimba inapanda sana umri ukienda. Daktari amekubali kumfanyia, mama anakusanya hela, na tumepanga iwe baada ya kuvuna nyasi za mvua hizi, ili akitoka kwenye upasuaji akute gunia limejaa.